Kwa Kila Shina Shilingi Elfu Moja

Oktavia alikuwa na vitambaa vya kichwa kumi na vinne, na hakuna mtu Makambako aliyewahi kumwona bila kimojawapo. Baridi ilimsaidia sana. Kuanzia Mei mpaka Agosti mji mzima hufunga kitu kichwani, toka mama wa chai pale stendi hadi karani wa benki, na hakuna anayemuuliza mwenzake sababu. Shida ilikuwa Oktoba na Novemba. Jua linawaka, vumbi linapanda, wateja wanavua masweta na kujipepea kwa magazeti, halafu msusi wao yuko palepale, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi.

"Dada, huoni joto?" walikuwa wanamuuliza.

"Nina kipandauso."

Kwa miaka sita Oktavia alikuwa na kipandauso kisichopona.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda Njombe: viti viwili, kioo kilichopasuka kona, na benchi la wanaosubiri. Watu walimfuata kwa sababu moja tu. Alikuwa anakaza. Mwanamke anayetoka Matembwe au Makete hana nafasi ya kuja kusuka kila wiki mbili. Anataka msuko upite palizi, upite mavuno, upite na harusi ya mdogo wake, bila unywele mmoja kuchomoka. Oktavia aliwapa hicho walichokitaka. Alizivuta nywele za mbele mpaka macho ya mteja yakapanda juu kidogo. Mteja alirudi nyumbani akameza panadol siku mbili, na wote wawili waliyachukulia maumivu hayo kuwa ndiyo ubora wenyewe.

"Huyu akikusuka," alipenda kusema Conjesta, mama mmoja wa Iwawa aliyekuja mjini na lori la viazi kila baada ya miezi miwili, "unaweza kufa, ukazikwa, ukafufuliwa siku ya mwisho, rasta ziko vilevile."

Benchi zima lilicheka. Oktavia naye alicheka, mkono mmoja ukigusa fundo la kitambaa kuona kama lipo.

Chini ya kitambaa hakukuwa na nywele za mbele. Kutoka sikio hadi sikio, upana wa vidole vinne, palikuwa na ngozi tupu inayong'aa. Zilianza kuondoka akiwa na miaka ishirini na miwili, alipokuwa anajifunza kazi na wenzake, wakisukana na kufumuana kila siku ili mikono ipate wepesi. Sasa alikuwa na thelathini na nne. Nyuma, kisogoni, nywele zilikuwa nene na nyeusi kama za mtoto, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nywele anazo, ila zimekaa mahali ambapo hakuna anayezihitaji.

Kilichomvunja moyo kilitokea mwezi wa tisa. Alikuwa anamsuka bibi harusi, shangazi wa binti amesimama pembeni akisimamia kila msuko. Kitana kikaanguka. Oktavia akainama kukiokota, na kitambaa kikabaki kwenye pembe ya kiti. Alikirudisha haraka, sekunde mbili, labda tatu. Shangazi aliona. Alisubiri mpaka kesho yake, akapiga simu kuwa wasimamizi sita wa harusi waliokuwa waje kusukwa kwake wamepata mtu mwingine. Wiki iliyofuata wakaghairi wengine wawili. Halafu mwanamke wa duka la jirani akamletea maneno yanayozunguka: fundi gani wa nywele amepata kipara, si atatuambukiza.

Usiku wala hakulia. Alikaa akipiga hesabu. Kodi ya chumba, ada ya mwanawe, na benchi ambalo sasa lilikuwa na watu wawili mahali pa sita. Kama nywele zake hazitarudi, saluni itakwenda, na zaidi ya kusuka hakujua kazi nyingine.

Ndipo Elius alipotokea, ndani ya simu.

Kwanza lilikuwa tangazo: picha ya mwanamke mwenye paji pana kama lake, na pembeni mwanamke huyohuyo akiwa na nywele hadi kwenye nyusi. Chini pameandikwa kwamba kliniki ya kupandikiza nywele inakuja Makambako kwa siku tatu tu. Oktavia akatuma ujumbe. Ndani ya dakika moja akajibiwa kwa sauti nzito, ya upole, yenye haraka.

"Dada yangu, usihangaike kwenda Dar. Tunang'oa mashina nyuma, tunayapanda mbele. Hakuna kushona. Nyuma zitaota tena kama kawaida. Nitumie picha tu."

Akamtumia picha, akiwa amejifungia chooni. Jibu likarudi kwamba anahitaji mashina elfu moja na mia tano, kila shina shilingi elfu moja, jumla milioni moja na nusu. Kianzio laki tatu ili nafasi isichukuliwe na mwingine.

Sasa, ni lazima kuelewa Oktavia alizaliwa wapi. Kwao ni Matembwe, kwa watu wa misitu ya kupandwa. Huko mtoto anajua bei ya mche wa msindano kabla hajajua kuandika jina lake. Watu wanakwenda kitaluni, wanauliza mche ni shilingi ngapi, wanazidisha kwa ekari, wanalinganisha na kitalu cha jirani, wanachukua wa bei ndogo. Aliposikia "elfu moja kwa shina," Oktavia alijisikia yuko nyumbani. Alikuwa ameshasikia kwamba Dar wanatoza mara tatu au nne ya hapo. Mche ni mche. Akatuma laki tatu siku hiyohiyo. Iliyobaki aliitenga kutoka kwenye fedha ya miti yake michache aliyokuwa ameiuza mwaka uliopita.

Ijumaa, siku moja kabla ya kwenda kupandwa, alimpigia mdogo wake, Anthony, aliyebaki kijijini na misitu ya baba yao.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Nisikilize, usicheke."

Akamweleza. Anthony hakucheka. 

"Dada, mimi nimepanda ekari ngapi?"

"Nitajuaje."

"Nyingi. Mche wa bei rahisi siuogopi kabisa. Ninayemwogopa ni kibarua anayepanda saa nane mchana wakati mizizi imekaukia kwenye ndoo. Huyo anayekuja kupanda kichwani kwako ni nani?"

"Daktari."

"Daktari nani?"

Oktavia akakosa jina. Hasira zikampanda, maana swali lilikuwa dogo na jibu hakuwa nalo.

"Anthony, kichwa changu si shamba la mzee."

"Ndiyo maana nauliza. Shamba ukikosea unarudia mwakani."

Alikata simu bila kuaga. Lakini neno lile lililala naye, likaamka naye.

Jumamosi saa tatu asubuhi alifika. Haikuwa hospitali, ilikuwa nyumba ya kupanga yenye geti jeusi, nyuma ya yadi za mbao. Misumeno ilikuwa inalia upande wa pili wa ukuta, ikinyamaza na kulia tena. Kwenye mlango palibandikwa karatasi iliyochapwa neno moja, KLINIKI. Ndani, dada mmoja nadhifu akampa fomu. Jina, namba ya simu, kiasi kilichobaki. Basi. Oktavia akaigeuza kuona kama kuna upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

Sebuleni alikuwepo mtu mwingine anayesubiri, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu iliyovutwa mpaka masikioni, japo ndani palikuwa na joto. Alijitambulisha kwa kunong'ona: Mikaeli, mwalimu wa hisabati kutoka Njombe.

"Nyumbani nimewaambia nimekuja kusahihisha mitihani," alisema.

"Mimi nimefunga saluni kwa kipandauso."

Wakacheka kwa pua, bila kutoa sauti. Msumeno ukalia. Ulipotulia, mwalimu akasogea karibu.

"Dada, umesoma kuhusu zile za nyuma?"

"Zitaota tena, si ndivyo alivyosema?"

"Mimi nilisoma tofauti. Shina likishang'olewa halioti tena pale lilipotoka. Nyuma ni kama akiba. Ukiitoa ikafia njiani, mbele hupati na nyuma umepunguza. Huna pa kwenda kukopa."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye simu. Ndiyo maana sina uhakika," alisema mwalimu, akavuta kofia.

Oktavia alipeleka mkono kisogoni. Nene, nyeusi, zote zipo. Kwa mara ya kwanza akaziogopea.

"Dada yangu Oktavia." Ilikuwa sauti ile ya kwenye simu. Elius alikuwa mfupi kuliko sauti yake, shati jeupe, simu mbili mkononi. "Karibu sana. Leo ndiyo siku."

Chumba cha ndani kilikuwa na kiti kimoja, na Oktavia alikitambua mara moja. Kilikuwa kiti cha saluni, aina ileile ya vyake, kinachouzwa Mbeya, chenye pedeli inayokwama. Juu ya meza palikuwa na beseni la plastiki, pamba, sindano, na kikombe cha spiriti kilichosimamishiwa ndani vifaa vyembamba kama kalamu. Mtu mwenye glovu, aliyeitwa Aloyce, alimkalisha, akawasha mashine ya kunyolea. Kabla Oktavia hajakamilisha pumzi, mashine ilikuwa imeshapita kisogoni. Nywele zikaanguka begani kwa mafungu. Baridi ikamgusa mahali ambapo haikuwahi kumgusa.

Alitazama kwenye kioo. Mbele hakuna, na sasa nyuma hakuna. Juu tu palibaki kisiwa.

"Daktari yuko wapi?" aliuliza.

"Anakuja jioni kukagua," alisema Aloyce.

"Kukagua nini, kama wewe umeshamaliza?"

"Kazi."

"Kwa hiyo unayekata ni wewe."

"Mimi ndiye fundi, dada. Nimefundishwa Dar."

"Muda gani?"

Aloyce akaangalia mlangoni kabla ya kujibu. "Wiki mbili."

Oktavia alijifunza kusuka kwa miaka miwili kabla hajaruhusiwa kugusa kichwa cha mteja anayelipa. Na sikio lake la kushoto lilikuwa na jambo la kusema, kwa sababu kwenye ndewe yake palikuwa na kovu lililovimba, kubwa kama punje ya harage, tangu alipotobolewa hereni akiwa na miaka kumi na mitano. Aloyce alikuwa amelisogeza pembeni kwa kidole ili mashine ipite. Alilisogeza tu. Hakuuliza limetoka wapi.

Akajaza sindano ya ganzi, akaiweka pembeni. Akanyoosha mkono kwenye kikombe cha spiriti, akachomoa kalamu moja, akaikung'uta. Oktavia alikuwa anaangalia kwenye kioo, kwa jicho la kazi, si la mgonjwa. Na kazi yake ilikuwa na sheria moja ambayo kila msusi na kila kinyozi wa mkoa ule ameimeza tangu utotoni, tangu semina za ukimwi za shuleni na kanisani, tangu mazishi yaliyofuatana kwenye nyumba za jirani: wembe unafunguliwa mbele ya mteja, karatasi inachanika mteja akiona. Kwake hata mtoto wa miaka mitano aliijua.

Kwenye ncha ya kalamu ile palikuwa na unywele. Mfupi, umejikunja, mweupe.

Oktavia hakuwa na mvi hata moja.

"Acha," alisema.

"Ni ganzi tu dada, hutasikia kitu."

"Nimesema acha. Hicho kifaa umemtumia nani?"

"Kimeoshwa."

"Sikuuliza kama kimeoshwa."

Oktavia akaanza kuinuka. Pedeli ikakwama, kiti kikazunguka naye nusu mduara akabaki ameukabili mlango. Elius alikuwa ameshasimama hapo.

"Kuna nini?"

"Nipe jina la daktari. Jina lake kamili na namba yake ya usajili."

Elius akatabasamu. "Sista, mambo ya makaratasi tutayamaliza jioni."

"Sasa hivi."

"Ukitoka, kianzio kimekufa. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Na nyuma umeshanyolewa. Utakwenda wapi na kichwa hicho?"

Hapo alimpata kweli. Msumeno ulikuwa unalia ukutani na Oktavia alisimama katikati ya chumba, akiona laki tatu, akiona barabara yote ya kurudi nyumbani, akiona shangazi wa bibi harusi. Angeweza kukaa. Kukaa kulikuwa rahisi zaidi kuliko kutoka. Elius alimwona anasitasita, akaongeza haraka:

"Basi kwa sababu ni wewe, mia saba kwa shina. Nakula hasara."

Kama angenyamaza, labda Oktavia angekaa. Lakini bei iliyoshuka hivyo kwa pumzi moja ilimtisha kuliko sindano. Alijua mtu anapunguza bei ya kitu gani kwa haraka vile: kitu asichotaka kikaguliwe. Akaokota kitambaa chake sakafuni, akakikung'uta nywele zake mwenyewe, akakifunga.

"Nipishe."

"Dada—"

"Nipishe, au nitapiga kelele wale wa msumeno wanisikie."

Akapisha.

Sebuleni, mwalimu Mikaeli alikuwa amesimama. Ukuta ulikuwa mwembamba.

"Vipi?" aliuliza kwa midomo.

"Mwalimu, kama una mvi, nadhani mvi za mtu mwingine zimeshatangulia humo ndani," alisema Oktavia.

Mwalimu alimwangalia kidogo, akavuta kofia, akamfuata nje. Walitembea hadi barabara ya lami. Ni pale tu walipofika penye watu ndipo mwalimu alipomwambia kwamba Njombe, kwenye hospitali moja, kuna daktari wa ngozi anayekuja kila mwezi siku mbili. Alikuwa na namba yake muda wote, alisema. Aliona aibu kumpigia.

Jumatatu Oktavia alikuwa kwenye foleni Njombe saa moja na nusu, ukungu bado umelala juu ya mabati. Daktari aliitwa Flora, mama wa miaka hamsini hivi, mwenye sweta juu ya koti jeupe. Kwenye ukuta kilining'inia cheti chenye jina lake na namba. Oktavia alikisoma chote kabla ya kukaa.

"Unasoma," alisema daktari.

"Samahani, mama."

"Usiombe samahani. Unaweza kuiandika hiyo namba ukaiulizia kwa baraza la madaktari. Wachache sana wanaifanya kazi hiyo. Vua kitambaa."

Alivua, huku akisimulia yote ya Jumamosi. Daktari Flora hakushtuka wala hakumpa pole. Alichukua kioo cha kukuzia chenye taa, akapita nacho paji lote taratibu, kidole kwa kidole, kisha nyuma. Halafu akashika sikio la kushoto.

"Hili kovu lilikuja baada ya kutobolewa?"

"Ndiyo."

"Na yule wa Jumamosi alikuuliza?"

"Hapana."

Daktari akashusha kioo. "Angekutoboa mara elfu moja na mia tano bila kukuuliza. Nyuma na mbele. Kila tundu lina nafasi ya kuvimba kama hili. Unanielewa?"

Oktavia alielewa. 

"Kwa hiyo mimi haiwezekani?"

"Sijasema hivyo. Nimesema hakuna mtu mwenye akili atakayekupanda kichwa kizima kabla hajajaribu mashina machache na kusubiri miezi kadhaa aone ngozi yako inajibu nini. Na mimi si wa kupandikiza, mimi nakagua tu, wanaofanya wako mbali. Lakini nikuulize, hayo mashina elfu moja na mia tano aliyapata wapi?"

"Kwenye picha."

"Kwenye picha." Daktari alirudia taratibu. "Mimi nimekuangalia kwa taa. Pembeni hapa bado kuna vishina vidogo vimelala, havijafa vyote. Ukiviacha vipumzike, ukatumia dawa, baadhi vitaamka vyenyewe. Pengine mwishowe utahitaji mashina mia saba tu, au mia nane. Umeona sasa hesabu? Elfu moja kwa shina inaonekana ndogo mpaka umjue anayechagua idadi ya mashina."

Oktavia alifikiria vitalu vya Matembwe, na miche aliyoizidisha kichwani kwa furaha.

"Na Dar wanataka ngapi?"

"Watakutajia kubwa. Usiogope kubwa, iulize imebeba nini. Uliza kwa maandishi: vipimo vimo, dawa zimo, kurudi kukaguliwa kumo, au kila safari unalipa upya? Ongeza nauli, ongeza siku za kulala huko. Uliza nani anakata, nani anapanda, na huyo daktari anakaa chumbani muda wote au anakuja jioni. Uwaombe uonane na mtu waliyemfanyia mwaka mmoja uliopita, mwenye nywele kama zetu, umwangalie kwa macho, siyo picha. Wakikasirika kwa maswali hayo, jibu umepata."

Akaandika dawa. Halafu akaweka kalamu chini, akamwangalia moja kwa moja.

"Nani amekukaza hivi?"

Oktavia alijua swali hilo litakuja. Alikuwa ameliogopa kuliko yote.

"Mimi mwenyewe. Ni msusi."

"Unawakaza na wengine?"

Oktavia akaanza kukunja kitambaa chake.

"Ukipandikizwa leo ukaendelea kuvutwa, zitang'oka zote tena," alisema daktari Flora. "Na za nyuma hazitoshi mara mbili."

Jioni ileile, nyumbani, alinyoa kichwa chote kilingane. Hapakuwa na njia nyingine. Na hapo likaja jambo ambalo hakuna aliyemwonya. Kwa watu wa kule, mwanamke anayetokea ghafla akiwa amenyoa ni mwanamke aliyefiwa. Kesho yake asubuhi, kitambaa kikiwa kimekaa chepesi juu ya kichwa kisicho na kitu, mama wa chai alimshika mikono yote miwili akamwambia pole mwanangu, Mungu ndiye mpangaji. Fundi viatu akavua kofia. Kufika saa nne, mwanamke wa duka la jirani alikuwa ameshaleta kilo mbili za unga.

"Sijafiwa," alisema Oktavia.

"Ndiyo, ni vigumu kuamini mwanzoni," alisema yule mwanamke, akaweka unga mezani.

Saa sita lori la viazi likasimama nje. Conjesta alishuka akiwa amejifunga khanga kiunoni, uso wa msibani, mkononi noti iliyokunjwa. Ndani walikuwepo wateja wawili kwenye benchi. Conjesta akamkumbatia, akamsukasuka, akampa noti.

"Ni nani, mwanangu? Ni mama?"

Oktavia aliishika noti ile. Alihitaji neno moja tu. Angesema shangazi wa mbali, na kitambaa chake kingekuwa salama mpaka nywele zirudi, na hakuna ambaye angeuliza tena. Mwaka mzima wa amani kwa neno moja. Wale wawili kwenye benchi walikuwa wanamtazama.

Akairudisha noti mkononi mwa Conjesta. Akavua kitambaa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Nilikwenda kupandikizwa nywele kwa mtu asiye daktari. Nikamkimbia alipofika hapa, kwenye kunyoa." Akapitisha kidole kutoka sikio hadi sikio, mahali palipong'aa kuliko kwingine. "Na hizi za mbele hazikuondoka kwa ugonjwa wowote. Haziambukizi. Zimeng'oka kwa kukazwa. Daktari kaniambia jana."

Nje dereva wa lori alipiga honi mara moja, akaacha.

Conjesta alilitazama paji lile kwa muda mrefu. Kisha mkono wake ukapanda taratibu kwenye kilemba chake mwenyewe, ukaingia chini ya ukingo, ukagusa juu ya sikio, ukabaki hapo.

"Na mimi?" alisema. Sauti yake haikuwa ya utani. "Hapa kwangu. Ulikuwa unaona?"

Kila miezi miwili, kwa miaka minne, Oktavia alikuwa amekifumua kichwa hicho na kukisuka tena. Aliona mstari wa Conjesta ukipanda, mwaka huu unywele mmoja, mwaka ule kumi. Alijua namna ya kuvuta za juu zishuke zifunike. Alijua na kunyamaza, kwa sababu mteja aliomba kukazwa, na kukaza ndiko kulikolipa.

"Nilikuwa naona," alisema.

Conjesta hakutukana. Ingekuwa nafuu. Alikunja ile noti tena, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama punje, akaitia kwenye fundo la khanga. Mmoja wa wale wa kwenye benchi alianza kuchukua mkoba wake ili aondoke, halafu akabaki ameushika tu.

"Miaka minne," alisema Conjesta.

"Miaka minne, mama."

"Na sasa unataka nifanye nini? Nami niende kwa huyo asiye daktari?"

"Hapana. Nitakupa jina la daktari wa Njombe. Anakuja tena mwezi ujao, siku mbili. Lakini kwanza ukae, nizitoe hizi. Zisikae hata leo."

Conjesta alisimama kidogo, akiangalia barabarani kwenye lori lake, viazi vya watu, dereva anayesubiri. Kisha akafungua kilemba, akakirusha juu ya benchi, akakaa kitini akikipa kioo mgongo.

"Fumua," alisema. "Taratibu."